Kichuguu cha Kafubu, Shimo la Tatu

Kyalwe mfyatua matofali ndiye aliyekifungua,
si sisi. Sisi tulikuja baadaye na kamba zetu,
na miswaki, na barua yenye muhuri wa makumbusho.
Yeye alikuwa na beleshi na deni la karo ya shule,
na kichuguu kirefu kupita nyumba yake,
udongo mtamu, usiopasuka tanuruni.
Alikuwa amekata nusu
beleshi lilipogonga kitu kilichojibu.

Chungu. Kimelazwa kifudifudi
kama mtu anayesujudu, alisema Mwalimu Nshimba.
Kama mtu aliyelewa, alisema Kyalwe.
Mimi niliandika: kifudifudi,
sentimita mia moja na arobaini chini.

Kukizunguka, mawe saba laini ya mtoni
ambayo hayakuletwa na mto,
maana maji hayapandi kilima kwa hiari.
Chini yake, jembe la chuma
dogo mno hata kwa tuta moja la mchicha,
makali yake hayajagusa jiwe.
Na punje za mtama, nyeusi kwa moto,
kumi na tisa. Nilizihesabu mara tatu
kwa kibano, nimebana pumzi,
nisije nikapeperusha mavuno ya watu
waliokwisha kusubiri vya kutosha.

“Hekalu,” akasema Mwalimu,
kisha kwa kidole akachora kiulizo hewani.
Nikalitazama neno lile likielea juu ya shimo.
Hekalu lina nguzo. Lina mlango,
na nje yake yuko anayeuza mishumaa.
Hapa pana mchwa tu. Tukibomoa jioni,
asubuhi tunakuta wameziba ufa kwa mate yao,
hawajauliza kibali cha mtu.

Labda ndiyo sababu walipachagua, wale wakulima wa kwanza.
Kitu kinachoinuka chenyewe kutoka ardhini,
kinachopumua, kinachotoa uyoga usiopandwa
na kumbikumbi wasioalikwa.
Uwe na mbegu kiganjani, mwezi wa kumi,
mbingu imekauka kama ngozi ya ngoma,
halafu ukutane na kitu kama hicho porini:
usingepiga goti?

Sijui. Mimi nalipwa kwa siku. Naosha vigae.

Jumapili nikamsimulia mama, kule Katuba.
Alikuwa anasonga bukari, hakugeuka.
“Chungu kifudifudi ni njaa iliyofunikwa.
Anayekifunua awe amebeba cha kuweka badala yake.”
Nani alikufundisha hayo, mama?
“Nifundishwe na nani? Sufuria zangu zinalala vipi?”
Nikatazama rafuni: zote, kubwa kwa ndogo,
uso chini.
“Kwa sababu ya mende,” akasema,
akacheka mpaka mwiko ukatulia.

Siku ya mwisho tulikifunga chungu kwa magazeti ya zamani,
bei ya shaba ikisomeka shavuni pake.
Fomu ina mstari: Kazi ya kifaa.
Mwalimu ameandika: ibada, kisha akafuta,
akaandika: ghala, akafuta,
karatasi imekuwa nyembamba pale, inapitisha mwanga.
Nusu ya kwanza ya hekalu
tayari ni ukuta wa choo cha shule, njia ya Kasapa.
Nusu ya pili Kyalwe ameruhusiwa kuichukua
baada ya kusaini mahali panne.

Nilirudi kuchukua ndoo.
Alikuwa amechutama ukingoni, mgongo kwangu,
akidondosha kitu shimoni, kimoja kimoja,
pale pale chungu kilipokuwa.
Mahindi. Nafaka ambayo wale hawakuijua hata jina.
Aliponiona akasimama, akakung’uta viganja.
“Ya kuku,” akasema.

Kyalwe hafugi kuku.